Kabla Hujailaumu SSD ya Kishikwambi Chako Kipya

Mwalimu mmoja wa mtaani kwetu alinunua kishikwambi cha Windows, kile chenye kibodi ya kubandika na kalamu yake, akakitumia siku tisa. Siku ya kumi akaniletea. Lalamiko lake lilikuwa fupi: "Niliambiwa kina SSD. Mbona kinatambaa?" Kukiwasha tu kulichukua dakika tatu. Ukigusa jedwali la alama za wanafunzi ili lifunguke, ulikuwa na muda wa kuchemsha chai. Ushauri wa bure alikwisha kuupata kwa watu watatu: wa kwanza alimwambia afungue kifuniko aweke SSD nyingine, wa pili apige Windows upya, wa tatu apakue programu ya kusafisha na kuongeza kasi. Nikamwomba asifanye hata kimoja mpaka tujue ni nani hasa anayetuchelewesha.

Neno SSD limekuwa kama neno "orijino" dukani: kila muuzaji analo mdomoni na halimfungi kwa lolote. Kwa maana pana ni diski isiyo na sahani inayozunguka, inayohifadhi data kwenye chipu za flashi, na kwa maana hiyo kila kishikwambi kinayo. Lakini ndani ya ukoo huo mmoja yumo anayesoma megabaiti 250 kwa sekunde na yumo anayesoma 7,000, na wote wanaitikia jina lile lile. Basi mbele ya kishikwambi kipya kinachojivuta kuna maswali mawili, tena kwa mpangilio huu. Je, ni diski kweli inayochelewa? Na kama ndiyo, hiyo ndiyo kasi yake ya kuzaliwa, au kuna kitu kimeishika miguu?

Anza kwa kutazama. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue Task Manager. Kama kibodi haipo, shikilia kidole kwenye kitufe cha Start mpaka orodha itokee, utaiona humo. Nenda Performance, kisha Disk. Hapo kuna namba tatu za kuangalia: asilimia ya muda ambao diski iko kazini, kasi ya kusoma na kuandika, na muda wa kujibu kwa milisekunde. Watu wengi huona asilimia 100 wakahukumu kwamba diski imekufa. Zisome namba zote tatu kwa pamoja. Asilimia 100 huku ikibeba megabaiti 900 kwa sekunde ni diski inayofanya kazi yake barabara. Asilimia 100 huku ikibeba megabaiti 3 au 4, na muda wa kujibu ukiwa mamia ya milisekunde, ni diski iliyozingirwa na vijikazi vidogo vidogo vingi kuliko uwezo wake. Na kama asilimia iko 5 na bado kila kitu kinakwama, diski haina hatia; katafute kwenye prosesa, kwenye RAM au kwenye intaneti.

Cha mwalimu kilikuwa hali ya pili: asilimia 100, megabaiti 4, milisekunde zaidi ya 300. Tukahamia Processes, tukagusa neno Disk juu ya safu yake ili majina yajipange kuanzia kwa mlafi mkubwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Juu kabisa walikaa watumishi wa Windows yenyewe: mmoja anafungua vifurushi vya masasisho, mwingine anaorodhesha mafaili ili utafutaji uwe wa haraka baadaye, wa tatu ni Defender anayekagua kila kinachoingia. Nyuma yao ilikuwapo OneDrive, ambayo mwalimu hakujua kwamba aliikubali siku ya kwanza alipokuwa anabonyeza "endelea, endelea", ikipandisha mtandaoni picha zote alizohamishia humo. Ndiyo maana hata kifurushi chake cha intaneti kilikuwa kinaisha kabla ya wiki. Kifurushi kikiisha haraka kuliko kawaida mara tu unaponunua kifaa kipya, hiyo nayo ni dalili ya kusoma.

Kishikwambi kinachotoka kwenye boksi leo kilifungwa kiwandani miezi mingi iliyopita, na masasisho ya miezi yote hiyo yanakisubiri mlangoni. Kazi hiyo ni halali na ina mwisho, ila lazima uipe nafasi ifike huko mwisho. Mwalimu alikuwa akikiwasha jioni saa mbili hivi, anaunganisha intaneti ya simu, anafanya kazi saa moja, anakizima. Kila jioni kishikwambi kilianza kupakua na kufungua mzigo, kikakatizwa, kesho yake kikaendelea palepale penye vumbi. Siku tisa zikapita hivyo. Dawa yake haina gharama: kichomeke chaji, kiunganishe na Wi-Fi isiyo na kikomo kama unaweza kuipata ofisini au kwa ndugu, zuia kisilale kwenye mipangilio ya umeme, kiache usiku mzima. Asubuhi kizime na kukiwasha upya, ukiombe masasisho tena mpaka kiseme hakuna jipya. Mimi sikubali kukihukumu kishikwambi kipya kabla ya siku ya tatu ya namna hiyo.

Tulifanya hivyo. Kuwasha kukashuka kutoka dakika tatu hadi chini ya moja. Ni nafuu kubwa, lakini jedwali la alama bado lilifunguka kwa kusuasua, na mwalimu alikuwa bado na swali lake la haki: SSD niliyolipia iko wapi?

Ili kuujua ukweli wa diski usisome boksi. Bofya kitufe cha Start kwa kulia, fungua PowerShell au Terminal, uandike:

Get-PhysicalDisk | Select FriendlyName, MediaType, BusType

Safu ya MediaType itakuambia SSD, na hapo ndipo wengi hutosheka. Macho yako yaende safu ya mwisho. Ukiona NVMe, una SSD ya kisasa iliyounganishwa kwenye njia pana. Ukiona SATA, ni ya kizazi cha nyuma yake, bado nzuri. Ukiona SD au MMC, una eMMC: chipu ya flashi na msimamizi wake vilivyofungwa kwenye kipande kimoja na kuchomelewa kwenye ubao, teknolojia ndugu wa kadi ya kumbukumbu ya simu. Njia ya eMMC 5.1 hata ikiwa tupu haipitishi zaidi ya megabaiti 400 kwa sekunde. SATA hufika kama 550. NVMe ya kizazi cha tatu yenye njia nne hukaribia 3,500, na ya kizazi cha nne 7,000.

Cha mwalimu kikajibu: SSD, SD. Ilikuwa eMMC ya gigabaiti 64, na RAM ya gigabaiti 4.

Wala usidhani hili ni la bidhaa za uchochoroni tu. Surface Go ya Microsoft ilipotoka mwaka 2018, ile ya bei ya chini yenye gigabaiti 64 ilikuwa na eMMC, na ile ya gigabaiti 128 ilikuwa na SSD ya kweli. Jina moja, umbo moja, rangi moja. Tofauti hiyo iliandikwa wazi kwenye orodha ya vipimo, lakini nani anayesoma orodha ya vipimo akiwa amesimama kaunta huku muuzaji anamfungia mfuko? Apple nayo mwaka 2022 ilitoa kompyuta ya MacBook Air yenye prosesa ya M2, na ile ya gigabaiti 256 ikawekewa chipu moja ya kuhifadhia badala ya mbili zilizokuwa kwenye M1. Kasi ya kusoma ikashuka karibu nusu. Chipu mbili hufanya kazi sambamba kama wapagazi wawili. Ukibaki na mmoja, hata awe hodari vipi, mzigo unakwenda nusu. Ndiyo maana katika familia moja ya kifaa, toleo lenye ujazo mdogo kabisa mara nyingi ndilo lenye mwendo mdogo kabisa, hata kama diski ni ya NVMe.

Tuseme sasa wewe bahati yako ni nzuri kuliko ya mwalimu: safu imeandika NVMe na bado huridhiki. Hapo ndipo kupima kunapoanza. Programu inayotumiwa na wengi ni CrystalDiskMark, ni ya bure na ni ndogo. Kabla ya kuipima diski funga kila kitu, chomeka chaji, ondoa hali ya kuokoa betri, maana Windows ikiwa inabana umeme hubana na mwendo. Kisha endesha jaribio mara moja, mbili zikizidi. Kila jaribio huandika gigabaiti kadhaa, na wapo watu wanaolirudia mara ishirini mpaka kishikwambi kinaungua mikononi, halafu wanashangaa kwa nini namba zinashuka.

Matokeo yatakuja kwa mistari minne. Mstari wa juu ni wa kusoma na kuandika faili moja kubwa mfululizo. Hiyo ndiyo namba wanayoipenda wauza bidhaa. Mstari wa chini kabisa, RND4K Q1T1, ni wa vipande vya kilobaiti 4 vinavyookotwa huku na kule, kimoja baada ya kingine. Huo ndio unaofanana na maisha yako ya kila siku: kuwasha, kufungua programu, kuruka kutoka ukurasa hadi ukurasa. SSD ya NVMe yenye afya husoma kati ya megabaiti 40 na 80 hapo. eMMC huwa 10 hadi 20. Diski ya sahani haifiki hata 1. Zingatia jinsi pengo linavyopungua: NVMe inayoizidi eMMC mara kumi au zaidi kwenye mstari wa juu, huizidi mara nne au tano tu kwenye mstari wa chini. Mtu anayeandika barua na kusoma mtandaoni hataiona tofauti ya 3,500 na 7,000 hata akiitafuta kwa tochi.

Mstari wa juu ukiwa mdogo sana kuliko ulioahidiwa, kuna washukiwa wa kuwapitia. Nitakaa zaidi kwa huyu wa kwanza, kwa sababu ndiye anayesingiziwa ugonjwa kila siku ilhali ni mzima.

Fikiria ghala lenye baraza mbele. Mzigo ukiletwa, wapagazi huutua barazani upesi upesi, mwenye lori akaondoka anasifu. Baadaye, wakipata nafasi, huuingiza ndani na kuupanga vizuri rafu kwa rafu. SSD za leo hufanya hivyo hivyo. Seli moja ya flashi iliyokuwa ikishika biti moja sasa hushika tatu, ambazo ndizo TLC, au nne, ambazo ndizo QLC. Biti nne katika seli moja maana yake ni kutofautisha viwango 16 vya chaji ndani ya kitu kisichoonekana kwa macho, na kuviandika kwa usahihi huo kunachukua muda. Kwa hiyo diski hutenga sehemu yake na kuiandika kwa haraka, biti moja kwa seli. Hilo ndilo baraza. Ukinakili gigabaiti 5 huoni kitu. Ukinakili gigabaiti 60 za video za harusi, utaona mwendo wa 1,200 kwa muda, kisha ghafla unaporomoka hadi 100 au pungufu. Baraza limejaa; sasa kila gunia linasubiri kuingizwa ndani kwanza. Hiyo si hitilafu. Ipumzishe diski dakika kumi huku kishikwambi kimewashwa, itasafisha baraza yenyewe. Lakini diski yako ikiwa imejaa hadi pomoni, hata hilo baraza hufinywa, kwa sababu limekatwa kwenye nafasi iliyo wazi. Achia asilimia 15 hadi 20 ya diski bila kitu. Kwenye diski ya gigabaiti 128, ambayo Windows huionyesha kama 119 kwa sababu ya namna yake ya kuhesabu, hiyo ni kama 20.

Ghala hili lina kanuni nyingine ngumu: huwezi kufuta gunia moja. Flashi huandikwa kurasa ndogo lakini hufutwa vyumba vizima, na kabla ya kufuta chumba lazima uyahamishe magunia yanayotakiwa bado. Ukifuta faili, Windows huandika tu daftarini kwamba faili halipo. Mwenye ghala asipoambiwa, ataendelea kuyahamisha magunia ya takataka kutoka chumba hadi chumba kwa uaminifu mkubwa. Kumwambia kunaitwa TRIM. Windows inayo tangu toleo la 7 la mwaka 2009, na huifanya kila wiki kwa ratiba. Kuhakikisha, fungua Terminal kama msimamizi uandike fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu likiwa 0, TRIM iko kazini. Ukitaka kuiharakisha, tafuta Defragment and Optimize Drives, bonyeza Optimize. Kwenye SSD kitufe hicho hakipangui mafaili kama zamani, kinatuma TRIM tu.

Kama unadhani hili ni jambo la maabara, waulize waliokuwa na Nexus 7, kishikwambi cha Google kilichotengenezwa na Asus mwaka 2012. Kilipotoka kilisifiwa kwa wepesi. Miezi michache baadaye wenye navyo wakaanza kulia: kibodi inachelewa, programu zinaganda, hasa wale waliojaza nafasi. Android wakati huo haikuwa ikituma TRIM ipasavyo. Toleo la 4.3, lililotoka Julai 2013, likaongeza kazi hiyo ifanyike kishikwambi kikiwa kimetulia, na wengi wakaona tofauti bila kubadilisha hata skrubu moja. Kwa hiyo mwenye kishikwambi cha Android, kama wale waliokizoea tangu Sensa ya 2022 ilipolieneza neno hili kote Tanzania, ajue kwamba kukiacha usiku kwenye chaji kimewashwa si uvivu. Ndipo kinapofagia.

Joto. Kishikwambi chembamba kisicho na feni hakina pa kutolea moshi, na SSD ya NVMe ikipata joto la kwenye nyuzi 70 na kitu hujipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Ukiwa pwani mchana wa Januari, ndani ya kava nene la mpira, juu ya mto wa kochi, chaji imechomekwa, halafu unanakili mafaili, umeipikia pilau. CrystalDiskInfo, ndugu wa ile programu ya kupimia, huonyesha joto la diski papo hapo. Vua kava, weka kwenye meza, pima tena. Namba zikirudi, umepata jibu.

RAM ndiyo mwizi anayevaa shati la diski. Gigabaiti 4 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali, na kiwango cha chini ni cha kuwashia mashine, hakijafikiria kivinjari chenye kurasa kumi na mbili. RAM ikijaa, Windows huhamishia ziada kwenye diski, inairudisha, inahamisha nyingine, na diski inaonekana ina kazi asilimia 100 ilhali hukuifungulia chochote. Angalia Memory kwenye Task Manager. Ikiwa inacheza kwenye asilimia 85 na zaidi kila wakati, umempata mhalifu wa kweli, na hakuna SSD itakayomtibu kikamilifu. Hapa ndipo mwalimu alipoanguka mara mbili: RAM ndogo ikimwaga ziada yake juu ya eMMC, yaani mlevi anayemwegemea mgonjwa.

Usimbaji nao hutajwa sana. Kishikwambi kipya cha Windows ukikiingiza kwa akaunti ya Microsoft mara nyingi huanza kusimba diski yote bila kelele. Kazi inapoendelea, mwendo hushuka. Andika manage-bde -status uone imefika asilimia ngapi. Ikishakamilika, diski yenye kasi kubwa hupoteza kiasi fulani, zaidi kwenye vile vipande vidogo. Binafsi sishauri kuuzima kwa ajili ya namba za kupimia. Kishikwambi ndicho kifaa rahisi kuliko vyote kusahaulika kwenye daladala, na humo mna picha za vitambulisho vyako na nywila za benki. Ila hakikisha ufunguo wa kufungulia diski iliyosimbwa, wenye tarakimu 48, unaupata kwenye akaunti yako, umeuandika mahali, kabla hujagusa BIOS au mfumo wa ndani wa diski. Usipokuwa nao siku unaulizwa, data yako imekwenda.

Kuna pia lawama za njiani. Mtu ananakili kutoka kwenye flashi ya zamani ya USB 2.0, inayopitisha megabaiti 30 au 40 kwa sekunde, anasema SSD ya kishikwambi ni nzito. Waya nao hudanganya: mwingi unaokuja na chaja una njia za USB 2.0 tu ingawa ncha yake ni ya kisasa. Hata tundu lenyewe linaweza kukuficha siri. iPad ya kizazi cha 10, ya mwaka 2022, ina tundu la USB-C sawasawa na la iPad Pro, lakini kasi yake ya data ni ile ile ya USB 2.0. Na kama programu zako umezihamishia kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, tafuta alama ya A1 au A2 juu ya kadi. Isiyo nayo ni ya picha na muziki.

Kabla ya kwenda dukani, fungua CrystalDiskInfo kwa mara nyingine. Humo mna saa ambazo diski imewahi kuwashwa, idadi ya kuwashwa kwake, na jumla ya data iliyoandikwa tangu izaliwe, ingawa eMMC nyingi hazitoi habari hizo. Kifaa kipya kinapaswa kuonyesha saa chache, labda kumi, labda thelathini kama umeshakitumia. Ukikuta saa 4,000 kwenye kitu ulichouziwa kama kipya ndani ya plastiki yake, kilikwisha kufanya kazi ofisini kwa mtu mahali fulani, kikafutwa vumbi, kikafungwa upya. Diski yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa. Lakini bei uliyolipa ilikuwa ya kitu kingine, na picha ya ukurasa huo ina nguvu kuliko maneno yako yote mbele ya muuzaji. Vivyo hivyo kwa vile vishikwambi visivyo na jina vinavyodai terabaiti moja kwa bei ya chakula cha wiki: programu ya ndani imefundishwa kutaja ujazo usiokuwapo, na data inayozidi ujazo halisi hupotea. Hicho hakina matengenezo.

Watu watatu waliomshauri mwalimu sasa niwajibu. Aliyesema abadilishe SSD: inawezekana kwa baadhi. Surface Pro 8 ya mwaka 2021 ina kifuniko kidogo nyuma, chini yake SSD fupi unayoweza kuitoa kwa bisibisi. Vingi vingine kioo kimebandikwa kwa gundi, na eMMC imechomelewa. Kukifungua ni kununua kioo kipya. Aliyesema apige Windows upya: hiyo ni hatua ya mwisho, na ifanywe kwa kile kitufe cha kurejesha kilichomo kwenye mipangilio, si kwa flashi ya fundi yenye Windows ya wizi isiyo na viendeshi vya kifaa chako na iliyojaa programu zisizojulikana. Nimeona vishikwambi vilivyokuwa vizima vikaugua siku hiyo hiyo. Aliyesema programu ya kusafisha: hapana. Nyingi ni mzigo mwingine unaowaka kila unapowasha, nawe unailipia.

Kinachostahili kusasishwa ni programu ya ndani ya diski yenyewe, pale mtengenezaji anapoitoa. Mwaka 2014 SSD ya Samsung iitwayo 840 EVO iligundulika kusoma polepole data iliyokaa muda mrefu bila kuguswa. Samsung ikatoa rekebisho Oktoba mwaka huo, na jingine 2015 tatizo liliporudi. Kwa vishikwambi masasisho hayo kwa kawaida huja kupitia Windows Update au programu ya mtengenezaji. Chaji iwe imejaa, na siku ambayo umeme unakatika katika usiifanye kazi hiyo.

Mwalimu hakuwa na ugonjwa wa kutibiwa. Tulizima OneDrive kwa yale mafolda ya picha, tukaondoa programu tano zilizokuwa zikijiwasha zenyewe, tukavua programu ya majaribio ya kuzuia virusi, na kishikwambi kikawa kinavumilika. Kuvumilika tu. Nilimwambia kweli: eMMC na RAM ya gigabaiti 4 havitakua, na kila sasisho litakalokuja litaongeza uzito. Alikuwa na risiti, ilikuwa siku ya kumi na tatu, na kwenye risiti mkono wa muuzaji ulikuwa umeandika "SSD 64". Tukapiga picha ya ule mstari wa SD, na ya namba za kipimo. Muuzaji alibishana nusu saa, akadai SSD ni SSD, mwisho akakubali kukipokea na mwalimu akaongeza pesa achukue cha gigabaiti 128 chenye RAM 8. Safari hii kabla ya kutoa pesa aliomba kiwashwe palepale kaunta, akaandika ile amri mwenyewe. Kikajibu NVMe.